Mwacheni Mama Mkubwa na Mbwa wa Watu



Leo hatuzungumzii mitindo ya madira wala mapishi. Tuna jambo limetukaa kooni na tumeona bora tuliseme kabla halijaharibika. Sisi ni mafundi cherehani wa Nyakahanga, wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera. Tuko watano katika chumba kimoja cha kushonea. Mmoja wetu amezaliwa Unguja akaolewa huku, ndiyo maana maneno yetu yanafika kwenu. Hatukusoma sana. Tuliishia kidato cha nne, tukachukua kozi ya ushonaji, tukanunua vyerehani, basi. Lakini macho tunayo, na hesabu za mapato na matumizi tunazijua kwa sababu ndizo zinazotulisha.

Jambo lenyewe ni hili. Tuna Mama Mkubwa wetu, ni mama mkubwa wa mume wa huyo mwenzetu wa Unguja. Amekuwa muuguzi maisha yake yote. Alistaafu alipofika miaka 60, kama sheria inavyotaka. Mwaka wa pili baada ya kustaafu akaanza kazi ya kutunza wanyama wa watu. Ukisafiri, unamletea mbwa wako, paka wako, mbuzi wako, au yeye anakuja kwako asubuhi na jioni kumhudumia ng'ombe na kuku. Ukirudi unamkuta mnyama wako mzima, unalipa, unaondoka. Ndiyo biashara yake.

Sasa watoto wake walioko Mwanza na Dar es Salaam wamesikia. Wanasema wameaibika. Wameitisha kikao cha ukoo mwezi huu, na ajenda ni moja tu: mama aache. Mkubwa wao amesema kwenye simu, na sisi tulikuwepo, kwamba hakusomeshwa na muuguzi ili mama yake aishie kuwa mchunga mbwa wa watu.

Tunaandika kumjibu yeye, na kuwajibu wote wanaofikiri kama yeye. Na tuseme wazi tangu mwanzo: sisi tuna maslahi. Mbuzi wetu wawili wamewahi kulala kwake, na wakilazimika kutafuta pengine hatupajui. Basi mtupime mkijua hivyo.

Nani alimwambia apumzike alipokuwa analea wajukuu?

Tunaambiwa mzee apumzike. Neno zuri. Lakini hebu tuulizane, mapumziko haya yameanza lini?

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walikogundulika, mwaka 1983. Waliokufa walikuwa vijana, baba na mama. Watoto waliobaki walilelewa na nani? Walilelewa na bibi. Bibi wa miaka 65 aliamka alfajiri kuchota maji, kulima maharage, kupika, na kutafuta ada na sare za skuli. Pale Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo kwa sababu wengi wao walikuwa wamebaki na wajukuu mikononi bila msaada wa mtu.

Hatujawahi kusikia ukoo umeitisha kikao kwa sababu bibi anachoka kulea wajukuu saba. Hakuna aliyesema tumeaibika. Kazi ya bure ya mwanamke mzee haimwaibishi mtu. Ikilipwa ndipo inakuwa aibu! Mama akimlisha mbwa wa mtoto wake bure mwezi mzima, ni mama mwema. Akimlisha mbwa wa daktari kwa shilingi 2,000 kwa siku, amekuwa mchunga mbwa. Mbwa ni yule yule na sufuria ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mama ana pesa yake mfukoni.

Tukifika hapo tunajiuliza kama kinachouma ni mbwa au ni hiyo pesa.

Kiinua mgongo kina maadui wengi

Wengine wanasema, si ana pensheni? Anahangaika nini?

Dada zetu, tuzungumze kwa vitu tunavyovijua. Mtumishi wa umma Tanzania Bara anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Mifuko ya pensheni iliunganishwa mwaka 2018, ndipo ikaja PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki kwa sekta binafsi. Halafu kukawa na kelele za kikokotoo. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawa asilimia 33, wakati wengi walikuwa wamezoea kusikia 50. Bajeti ya 2024/25 ikawapandisha hao hadi asilimia 40. Pesa nyingine inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Mnaokaa visiwani mna ZSSF, na tangu 2016 mna pensheni jamii kwa kila mzee aliyefika miaka 70, ambayo ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hilo ni jambo la kujivunia, huku Bara hatuna.

Lakini tazama kinachotokea pale mkupuo unapoingia benki. Simu hazikatiki. Mpwa anataka bodaboda. Mdogo wake mume anataka kiwanja. Mtoto anasema mama tujenge nyumba ya wageni, na yeye ndiye atakayesimamia. Kisha wanakuja wale wa pesa za haraka. Mnaikumbuka DECI? Watu walipanda mbegu, wakaambiwa watavuna mara mbili, mwaka 2009 mambo yakafungwa na watu wakabaki wanalia. Tukadhani tumejifunza. Ikaja Mr. Kuku, ambapo uliambiwa leta pesa, kuku watafugwa kwa niaba yako, wewe subiri faida. Mwaka 2020 mkurugenzi wake akafikishwa mahakamani Dar es Salaam.

Tafakarini jambo hili. Kumpa mtu usiyemjua pesa akufugie kuku usiowahi kuwaona, hiyo iliitwa uwekezaji, na watu walijisifu nayo harusini. Mama yetu anatunza kuku anaowaona kwa macho, anawahesabu jioni na asubuhi, na hakuchukua senti ya mtu kabla ya kufanya kazi. Hiyo ndiyo inaitwa aibu.

Mama Mkubwa hakugusa mkupuo wake kwa biashara hii, isipokuwa kwa vitu vichache. Alijenga mabanda matatu ya mbao na mabati nyuma ya nyumba, yametenganishwa. Alinunua minyororo, ndoo, mabeseni na pampu ya mkono ya kunyunyizia dawa ya kupe. Fundi alimlipa kwa siku nne. Biashara ikifa kesho, amepoteza mbao. Aliyejenga nyumba ya wageni kwa mkupuo wote, ikifa amepoteza uzee wake.

Hesabu yenyewe

Mnaweza kusema tunapamba. Basi tuwape hesabu ya mwezi wa Desemba uliopita, kama alivyotuonyesha kwenye daftari lake.

Nyakahanga tuna hospitali ya KKKT ambayo inahudumia watu wengi wa Karagwe na hata wa Kyerwa, iliyokuwa wilaya moja nasi mpaka ilipogawanywa mwaka 2012. Penye hospitali pana wauguzi, madaktari, walimu wa vyuo na wafanyakazi kutoka mikoa mingine. Watu hawa hawana ukoo hapa. Krismasi au Idi ikifika wanapanda basi kwenda kwao, na nyumbani wameacha mbwa wa ulinzi, paka, kuku, na wengine ng'ombe wa maziwa. Wamwachie nani?

Kwa mbwa anatoza shilingi 2,000 kwa siku, chakula analeta mwenyewe. Paka 1,000. Mbuzi 500. Desemba alikuwa na mbwa watatu, paka wawili na mbuzi sita kwa siku 14. Mbwa ni shilingi 84,000. Paka ni 28,000. Mbuzi ni 42,000. Jumla 154,000 kwa wiki mbili. Ng'ombe wa mwalimu aliyekuwa anamhudumia kule kule kwa mwenyewe walipatana kwa maziwa: ya asubuhi yanauzwa na pesa anawekewa mwenye ng'ombe, ya jioni ni ya Mama Mkubwa.

Na kuna malipo ambayo mtu wa mjini hayaoni. Samadi. Huku kwetu migomba haisimami bila mbolea ya ng'ombe na mbuzi. Mwenye mifugo ana ndizi, asiye na mifugo anabaki kuomba. Wanyama wa watu wakilala kwako siku 14 wanakuachia mbolea ya kutosha kuweka kwenye mashina kadhaa, na hiyo hakuna anayekudai. Mama Mkubwa hana hata ng'ombe mmoja wa kwake, lakini mkungu aliotukatia mwezi uliopita tuliubeba watu wawili.

Hatusemi ni utajiri. Miezi ya katikati hupita hata wiki tatu hana mnyama. Tunasema ni pesa ya sukari, dawa ya presha, sadaka na nauli ya kwenda mazishini bila kumpigia mtoto simu. Anayejua uchungu wa kumpigia mtoto simu ya kuomba pesa, akasikia akipumua kwanza kabla ya kujibu, ataelewa tunachosema.

Mbuzi wetu waliokufa kwa kiu

Tuwaambie kwa nini sisi tunaiona kazi hii ni kubwa.

Kabla Mama Mkubwa hajaanza, mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake Biharamulo. Alikaa msibani siku tisa. Mbuzi wake wanne alimwachia kijana wa jirani, bure, kwa ujirani mwema, na akamwachia unga wa uji kama shukrani. Siku ya tatu kijana akapata kibarua cha kubeba mizigo. Hakumwambia mtu. Mbuzi walikuwa wamefungwa kamba. Mwenzetu aliporudi na kitambaa cha msiba kichwani, alikuta watatu wamekufa na mmoja hawezi kusimama. Walikuwa mbuzi wa ada ya mtoto.

Tulimlaumu kijana, naye akajibu jambo lililotunyamazisha. Alisema, "Mimi nilikuwa nawasaidia tu." Na kweli. Hakulipwa, hakukuwa na makubaliano ya siku wala ya maji, na hakuna aliyempa namba ya kupiga akishindwa.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kumlipa jirani kunaua ujirani. Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Tumelelewa kwamba jirani akisafiri unamwangalizia kuku. Na tuendelee hivyo kwa siku moja, kwa siku mbili. Lakini kumlisha mbwa mkubwa, kumkamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri, kukata majani ya tembo na kuchota maji ndoo sita kwa wiki mbili, hiyo si salamu ya jirani, hiyo ni kazi. Na kazi ya bure siku zote inaangukia kwa mtoto, kwa msichana wa kazi au kwa mwanamke asiyejua kusema hapana. Ukimlipa mtu unaweza kumuuliza. Ukimwomba bure, mbuzi wakifa unasema asante.

Dini inasemaje

Tunajua mashoga zetu wa visiwani wameshashika shavu. Mbwa! Nyumbani kwa Muislamu! Tulipomweleza bibi mmoja wa Unguja kwenye simu, alisema astaghafirullah mara tatu.

Sisi si mashekhe, na mwenye swali la hukumu amwendee anayejua. Lakini yale tuliyofundishwa madrasa hatujayasahau. Sisi Mashafi tunajua kwamba mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya kujitwaharisha. Haijawa ruhusa ya kumnyima mnyama maji wala kumpiga mawe. Mama Mkubwa ana vyombo vya mbwa mbali, ana gauni la kazi mbali, ana ndoo ya udongo safi pale pale bandani, na mbwa hakanyagi baraza yake. Mbwa wote ni wa ulinzi, na kumweka mbwa kwa ulinzi na kwa mifugo si jambo ambalo sisi ndio wa kwanza kulisikia.

Tumesahau habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula? Tumesahau aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe? Sahaba Abu Huraira, ambaye hadithi zake tunazisoma kila siku, hilo jina lake la kupewa linatokana na paka mdogo aliyekuwa naye.

Na kubwa zaidi, kuhusu hii aibu ya kuchunga wanyama wa watu kwa ujira. Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, kabla ya utume alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa malipo. Nabii Musa, amani imshukie, alipokimbia Misri akafika Madyan, alimtumikia mzee wa pale kwa miaka 8 au 10, na mahari yake ikatoka katika kazi hiyo. Wao walichunga wanyama wa watu. Mtoto wa muuguzi wa Nyakahanga anaona haya kwa niaba ya nani?

Wenzetu Walutheri wawili tunaoshona nao wanatukumbusha kwamba Daudi pia alikuwa mchungaji, na kwamba mchungaji ndilo jina wanalomwita kiongozi wao wa kanisa. Basi wote tumekubaliana katika chumba hiki.

Na kuna neno moja limebeba yote: amana. Mtu akikuachia mnyama wake amekuachia amana. Tunafundishwa kurudisha amana kwa wenyewe, na tunafundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hapo pana pande mbili, na biashara hii inazitimiza zote.

Mkitaka mfano wa karibu na bahari, nendeni Lamu. Mji wa Waislamu wenzetu, wa vichochoro kama vyetu vya Mji Mkongwe, una hospitali ya punda tangu mwaka 1987. Hakuna anayesema watu wa Lamu wamepungukiwa heshima kwa kumtibu punda.

Wanaosema ni mambo ya Wazungu

Lipo na hili. Wanasema kumlipia paka ni mambo ya Wazungu.

Ni kweli huko nje ni biashara kubwa. Marekani kuna kampuni inaitwa Rover, ilianzishwa Seattle mwaka 2011, inawakutanisha wenye mbwa na watu wa kuwatunza. Wastaafu wengi huko hufanya kazi hii kwa sababu wako nyumbani mchana na nyumba zao zimetulia.

Lakini jamani, kutunziana mifugo kumeanzia wapi? Karagwe hii ilikuwa nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu kabla hatujajua Mzungu ni nini. Kwenye ikulu ya watawala wa zamani, Bweranyange, kulikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, kwa jinsi ng'ombe alivyokuwa na heshima. Mtu alimkabidhi mwenzake ng'ombe, huyu akanywa maziwa na kupata mbolea, ndama wakagawanywa kwa makubaliano. Hata nyinyi visiwani mnalijua hilo, hakuna shamba lisilo na mtu anayefuga ng'ombe wa mwingine. Alichofanya Mama Mkubwa ni kuongeza paka na daftari tu.

Lakini tusidanganyane

Tukiwasifia tu tutakuwa kama wale wa pesa za haraka. Kazi hii ina hatari zake, na yule anayestaafu asiingie kichwa kichwa.

Kwanza, kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu dalili zake zikishatokea kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Kwa hiyo Mama Mkubwa hapokei mbwa wala paka asiye na kadi ya chanjo ya mwaka huo. Hapana ni hapana, hata akija mkubwa wa wapi. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Usiweke dawa za kienyeji ukasubiri.

Pili, magonjwa ya mifugo. Ng'ombe analeta kupe, na kupe wanaleta ndigana kali. Kuku wa nyumba moja wanaleta mdondo kwa kuku wa nyumba nyingine. Ndiyo maana mabanda yametenganishwa, na kuku na ng'ombe anawahudumia kwa wenyewe badala ya kuwakusanya kwake. Maziwa ya ng'ombe wa watu yachemshwe kabla ya kunywa, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba unapita kwenye maziwa mabichi mpaka kwa binadamu. Namba ya afisa mifugo wa kata iwe ukutani.

Tatu, mwili. Mtu wa miaka 63 hawezi kumshika mbwa mkubwa anayevuta, wala fahali. Mama Mkubwa anakataa fahali na anakataa mbwa asiyetii kamba. Ana kijana wa kukata majani, na anamlipa. Kwa hiyo kazi yake imempa na mwingine kazi.

Nne, makubaliano. Aliandika karatasi moja tu: jina la mnyama, siku ya kuja na siku ya kuondoka, anakula nini, akiugua apigiwe nani, nani atalipa dawa, na akifa bila uzembe itakuwaje. Pande zote zinasaini, na balozi wa nyumba kumi alishuhudia zile za mwanzo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Ukipokea mnyama wa mtu, jua umepokea na wajibu huo.

Tano, mtaji. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawakutajwa kwa jina lao. Hilo tunaliona ni kasoro, kwa sababu tangu 2003 tuna Sera ya Taifa ya Wazee inayosema mzee ni rasilimali. Lakini mwanamke mstaafu bado ni mwanamke! Aingie kikundi. Sisi wa cherehani tumeshamwambia Mama Mkubwa nafasi ipo kwetu.

Kwa watoto wake, na kwa sisi wenyewe

Tumalizie na kikao.

Kaka zetu na dada zetu mnaokuja kutoka Mwanza na Dar es Salaam, karibuni nyumbani. Tutapika, tutawapokea kwa heshima. Lakini mkifika, kabla hamjakaa kwenye viti, nendeni nyuma ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi. Mtamkuta mama yenu amevaa buti, anamwita kila mnyama kwa jina lake, anaandika nani amekula na nani amebakisha, kama alivyokuwa akiandika joto la wagonjwa wodini. Kazi yake hakuiacha, amebadilisha wagonjwa tu.

Mwaka ule wa kwanza wa kustaafu, ambao nyinyi mliuona ni wa mapumziko, sisi ndio tuliokuwa naye. Alikuwa anakuja chumbani kwetu saa tatu asubuhi anakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, hana la kufanya, anauliza kama tuna vishikizo vya kupachika. Tulimpa vishikizo. Alivipachika vizuri. Lakini mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa huu akiwa anaomba vishikizo, hiyo ndiyo iliyotuumiza sisi, na siku hizo hatukusikia mtu ameaibika.

Na sisi tusijitoe. Alipoanza tulicheka. Tulimtania tukamwita Mama Simba. Mmoja wetu alishona gauni la kazi akaweka kiraka chenye umbo la nyayo ya mbwa, tukacheka mpaka machozi. Alilivaa. Tunaomba radhi hapa hadharani, Mama Mkubwa, kwa sababu kicheko chetu ndicho kilichosafiri mpaka Mwanza kikageuka aibu.

Kama hoja yenu watoto ni usalama wake, njooni na jambo la maana. Mlipieni fundi aweke uzio imara. Mnunulieni glavu nene. Mlipieni bima ya afya. Hapo tutajua mnampenda. Lakini kama hoja ni watu watasemaje, basi watu ndio sisi, na sisi tumeshasema.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, awape rizki ya halali itokayo mikononi mwao, na atupe sisi akili ya kutowazuia.

Wabillahi tawfiq.